Askari Niliyemwandika Mlinzi

Kaloleni,
Jumapili alasiri.

Mwanangu Nekesa,

Alhamisi nilikunyang'anya fomu mkononi na kukupigia kelele mbele ya mama yako, na tangu siku hiyo hujaniuliza sababu. Ulikuwa umeketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, kifuniko cha kalamu kikiwa mdomoni, na nilipotaka kuiona fomu hiyo ulisema, "Tulia, buda, si ni fomu tu. Najaza nasonga." Kwa kawaida mimi hulalamikia neno "buda", nawe hucheka. Safari hii sikulalamika. Nilikufokea, nikakushika kifundo cha mkono hata kalamu ikaanguka, nikaisoma fomu yote nikiwa nimesimama, na nilipoona kwamba umeandika neno linalotakiwa, nilikurudishia nikaingia ndani. Nilikusikia ukimwuliza mama yako, "Kwani baba ako na nini?" Mama yako akakujibu kwamba ni uzee.

Si uzee. Ni woga, na woga wenyewe una historia ambayo sijapata kumsimulia mtu, hata mama yako. Kesho asubuhi unakwenda kwenye mafunzo ya uaskari wa wanyamapori, kazi niliyoifanya mimi tangu ujana hadi nilipostaafu, na siwezi kukuacha uondoke ukidhani kwamba babako ni mzee aliyechanganyikiwa kwa sababu ya karatasi. Mambo ya soksi, dawa ya malaria, na nani wa kumpigia simu ukifika, mama yako ameyamaliza, tena mara mbili. Sitayarudia. Nimeufunga mlango wa sebule ili niandike. Mko jikoni, na ninakusikia ukimbishia kuhusu idadi ya chapati unazoweza kubeba.

Unaijua hadithi ya baba yangu, karani wa reli, aliyetulea katika nyumba hii hii. Hatukuruhusiwa kugusa chakula kabla kila mtoto hajasema sentensi moja ndefu isiyo na kosa. Aliyekosea upatanisho wa ngeli alianza upya, na ugali ulipoa. Nilikwenda kazini nikiwa na malezi hayo, na kambini hawakuchukua hata juma moja kabla ya kuniita Kamusi. Mtu akisema "gari zote", nilisema "magari yote". Akisema "hii maji", nilimwambia maji ni "haya". Sikujua kwamba nilikuwa nikiwachosha. Nilidhani ninawasaidia.

Aliyenipa jina hilo la Kamusi alikuwa Mutua, baba yake rafiki yako Ndinda. Wewe unamkumbuka kidogo tu, kwa sababu alipofariki ulikuwa darasa la tatu. Alitoka Ukambani, katika familia ya wachonga vinyago, na mikono yake haikutulia. Tulipopumzika kivulini alichonga vijiko kwa kisu cha kambi na kutugawia. Tuliajiriwa siku moja, tukafunzwa kikosi kimoja, tukapewa hema moja. Alikuwa akiniuliza, "Kamusi, simba akikujia utakimbia kwanza, au utamsahihisha kwanza?" Watu wote walicheka, nami nilicheka kwa kuchelewa kidogo, kwa kuwa nilikuwa nikitafuta jibu lenye heshima.

Sasa nikueleze habari ya fomu.

Mwaka mmoja utaratibu wa pensheni ulibadilishwa, na karani alitumwa kutoka Nairobi aje kambini kwetu kwa siku moja ili kila mtu ajaze fomu mpya. Fomu hizo zilikuwa na lugha mbili, Kiingereza juu na Kiswahili chini yake, na mahali palipoandikwa "Kazi" pameachwa wazi. Karani aliziweka juu ya boneti ya gari, akazizuia kwa jiwe zisipeperuke. Wenzetu wote waliandika "ranger", kwa tahajia ya Kiingereza, wakatia sahihi wakaenda zao. Sivyo nilivyofanya mimi. Mimi niliona hiyo ndiyo nafasi ya kuonyesha kwamba fomu ya serikali inaweza kujazwa kwa Kiswahili kilichonyooka.

Mutua alikuwa amefungwa bendeji mkono wa kulia. Sufuria ya uji ilikuwa imempindukia siku mbili nyuma, na alikuwa akiwaambia watu, "Majangili wamenikosa miaka yote hii, uji umenipata." Akaja kwangu.

"Kamusi, nijazie. Lakini usinijazie vitu vya sarufi. Andika renja kama wenzangu."

"Renja si Kiswahili."

"Basi andika askari. Nyumbani wanajua mimi ni askari. Mama yangu anajua mimi ni askari."

Nikamwambia, na ninayakumbuka maneno yangu yote, "Askari ni yule wa viwandani, Industrial Area, anayeshika rungu langoni na kufungulia malori. Unataka mtoto wako aseme baba yake ni bawabu?"

"Wewe unataka niwe nani?"

"Mlinzi. Mlinzi wa wanyamapori. Limetokana na kulinda. Hiyo ndiyo kazi tunayofanya."

Alinitazama akatikisa kichwa, kama mtu anayemvumilia mkubwa wake. "Haya, Mwalimu. Mradi pensheni inajua kusoma, mimi sina neno." Akatia alama ya dole gumba la kushoto mahali pa sahihi. Nikajaza fomu yangu vilevile, kwa mwandiko ule ule. Karani alizitazama fomu zetu mbili, akasema "Hii Kiswahili yenu ni safi", nami nikaona fahari. Hata nilitaka kumsahihisha, kwamba Kiswahili ni "hiki", nikajizuia.

Sijui kama unaona kosa lilipo. Mimi nilichukua miaka kuliona. Askari niliyemdharau mimi ni yule niliyemwona tangu utotoni hapa mitaani Eastlands, mtu wa kabuti kuukuu na rungu. Lakini ofisini Nairobi maneno hayo yalikaa kinyume. Waliokuwa na mamlaka ya kubeba bunduki, kupekua, kukamata na kuwafikisha watu mahakamani waliandikwa katika orodha ya askari, pamoja na kila aliyejiandika renja. Waliokuwa wakikaa malangoni, kwenye maghala na ofisini waliandikwa katika orodha ya walinzi. Askari aliruhusiwa kustaafu mapema kwa pensheni kamili, kwa sababu kazi ile huuchakaza mwili kabla ya wakati wake. Akijeruhiwa au kuuawa kazini, familia yake ilikuwa na fungu lake. Mlinzi alistaafu kama karani yeyote, na fungu hilo halikumhusu. Aliyezipokea fomu zetu hakutujua. Alisoma neno, akatuweka mahali pa neno hilo.

Niligundua kwa bahati. Nilikuwa nimekwenda ofisini kufuatilia barua ya likizo, na mama mmoja aliyevaa miwani iliyoning'inia kwa uzi alilifungua faili langu akacheka kidogo. "Mzee, kumbe wewe ni mlinzi. Ulikuwa unafungua lango gani?" Nikamweleza kwamba mimi ni wa doria, nina bunduki, nimekamata watu na kutoa ushahidi. Akaacha kucheka. Alinieleza habari ya orodha mbili kama nilivyokueleza wewe, akasema niende nikalete barua ya mkuu wangu, naye atalirekebisha kabla faili halijapanda juu. Alikuwa mtu mwema. Alipokuwa akiandika jina la karatasi ninayopaswa kuleta, aliniuliza bila kuinua kichwa:

"Kuna mwenzako mwingine ameandikwa hivi?"

Nikamjibu, "Hakuna."

Nekesa, nimeishi na neno hilo moja miaka mingi. Nimejaribu kujiambia kwamba sikusikia vizuri, au kwamba nilidhani anauliza juu ya ofisi nyingine. Nilisikia vizuri. Nilijibu hivyo kwa sababu niliona mbele yangu kambi nzima ikicheka. Niliwaona wakijua kwamba Kamusi, aliyewasahihisha wote, ndiye pekee aliyekosea neno la kazi yake mwenyewe, na kwamba alimkosesha na mwenzake aliyemwomba waziwazi aandike askari. Nikajiambia kwamba nitamwambia Mutua kwa siri, naye atakwenda mwenyewe kurekebisha. Juma lililofuata nilileta barua, nikatoka ofisini humo nikiwa nimepona, naye hajui hata kwamba ni mgonjwa.

Nilijaribu kumwambia mara moja. Tulikuwa tunakula maharagwe mchana, watu sita au saba, nikaanza: "Mutua, ile fomu yako ya pensheni."

"Fomu gani tena? Umegundua nimekosa nukta?"

Wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mrudishie Kamusi fomu yake asahihishe, la sivyo ataugua." Nami nikasema, "Si kitu." Ningeweza kumvuta kando jioni ile. Ningeweza kesho yake, na juma lililofuata. Kila siku iliyopita ilifanya siku inayofuata iwe ngumu zaidi, kwa sababu sasa angeniuliza, ulijua lini?

Nataka ulichukue jambo hili uende nalo zaidi ya ushauri wowote ninaoweza kukupa kuhusu bunduki au wanyama. Sikukosa kwa sababu sikujua neno. Kila mtu hukosa neno. Nilipojua, nilijirekebisha mimi peke yangu. Huko uendako mtalala hema moja, mtakula sufuria moja, na mtajaziana fomu. Utakosea kwa niaba ya mwenzako, naye atakosea kwa niaba yako. Siku utakapogundua, mwambie kabla hujaketi, mbele ya watu ikibidi, hata wakucheke mpaka wachoke. Kicheko huisha. Mimi najua kisichoisha.

Alikufa asubuhi, Nekesa, jua limeshapanda. Sitakuelezea yote, kwa sababu utaiona mito mikavu ya namna hiyo na sitaki uione kwa macho yangu. Tulikuwa tukifuata nyayo kwenye mchanga, yeye mbele, mimi nyuma yake hatua kama kumi. Niliposikia mlio wa kwanza wa risasi nililala chini kama tulivyofunzwa. Yeye hakuwahi. Aliita "Kamusi!" mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo, na nilipomfikia alikuwa hawezi tena kuniambia alitaka kuuliza nini. Nilishinda juani karibu naye nikingoja wenzetu waje. Kila nilipomtazama usoni nilikuwa nikiiwaza fomu. Ndiyo, hata wakati huo. Unaweza kunidharau kwa hilo.

Baada ya mazishi nilimsindikiza Mama Ndinda ofisini. Safari hii alikuwepo bwana mwingine, kijana, mwenye haraka. Akasoma faili, akatazama juu.

"Mama, mume wako alikuwa mlinzi. Alikuwa akitafuta nini porini na bunduki?"

Mama Ndinda akanigeukia. "Baba Nekesa, si mlikuwa pamoja? Mwambie."

"Alikuwa askari," nikasema. "Alikuwa wa doria kama mimi."

"Mbona hapa imeandikwa mlinzi? Na amekubali mwenyewe, dole gumba hili hapa."

Akaligeuza faili ili tuone. Niliuona mwandiko wangu. Ile "m" yangu, yenye mkia ambao baba yangu alinifundisha kuukunja. Bwana yule alikuwa akitazama dole gumba. Mama Ndinda naye alitazama dole gumba, akauliza, "Kwa nini dole? Mutua alijua kuandika." Nikamweleza kwamba alikuwa ameungua mkono. Akatikisa kichwa. Hakuuliza ni nani aliyemwandikia. Nilikaa pale nikingoja aulize, na nadhani kama angeuliza ningesema. Lakini hakuuliza, nami sikusema, na bwana yule akaandika jambo fulani akalifunga faili. Mama Ndinda alipewa haki za mjane wa mlinzi wa lango.

Tulipotoka nje alisimama kando ya barabara akasema maneno haya: "Alikuwa anataka nini, Baba Nekesa? Alikuwa anaogopa kuitwa askari? Amejiandikia umaskini na dole lake mwenyewe." Tangu siku hiyo amemkasirikia marehemu. Umewahi kumsikia. Hapa hapa sebuleni, mwaka ule Ndinda alipoacha chuo, alisema mbele yetu sote kwamba mume wake alikuwa mtu mzuri asiyejua kufikiri. Ulikuwa umeketi karibu naye ukimshika mkono. Mimi nilitoka nje nikajifanya ninatazama bomba la maji.

Wewe na Ndinda mmekua pamoja. Mlikwenda shule moja, mkavaa sketi zilizoshonwa na fundi mmoja. Wewe umesoma mpaka ulipotaka, kwa pensheni ya baba aliyestaafu mapema akiwa na nguvu zake. Ndinda anapakia biskuti kiwandani kama kibarua, siku kazi ikiwepo, na mama yake anauza sahani za githeri nje ya lango la kiwanda hicho hicho. Nimewasaidia, ndiyo. Nimelipa karo hapa na pale, nimepeleka unga. Mama Ndinda huwaambia watu kanisani kwamba Mungu alimwachia ndugu. Kila anaposema hivyo hujihisi kama mwizi anayesifiwa kwa kurudisha kifungo cha koti alilokwiba. Mama yako huniambia mimi ni mkarimu. Wewe umewahi kuniambia hivyo pia, na ndilo jambo baya zaidi nililosikia kinywani mwako.

Sasa unajua kwa nini nilikushika mkono Alhamisi.

Nimeogopa tangu siku barua yako ya kuitwa ilipofika. Naogopa mito ile mikavu. Naogopa kwamba utakuwa mbele na atakayekuwa hatua kumi nyuma yako ni mtu kama mimi. Naogopa karatasi kuliko unavyoweza kudhani. Wameniambia kwamba siku hizi mambo yamewekwa wazi zaidi, kwamba orodha ziko kwenye kompyuta na kwamba kila mtu anaweza kuona mahali alipowekwa. Basi nenda ukaone. Usiambiwe, uone. Ukihamishwa kituo, kaone tena. Na liko jambo moja ninalojua linatokea hata sasa, kwa sababu wenzangu wastaafu hunisimulia: watu wakipungua kwenye doria, mkuu humwita mlinzi wa ghala, humpa bunduki na kumwambia aandamane na wengine, halafu karatasi yake inabaki ghalani. Akiumia, anaulizwa alikuwa akitafuta nini porini. Ukikabidhiwa bunduki, uliza kwa adabu karatasi iko wapi. Uliza kwa ajili yako, na umwulizie mwenzako anayeogopa kuuliza. Watakuita mkaidi. Mimi niliitwa Kamusi, na ningefurahi kama ningeitwa mkaidi.

Miezi minne iliyopita, bila kumwambia mtu, nilikwenda kwa wakili mmoja huko mjini. Nilimweleza kana kwamba ni habari ya rafiki yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba faili la marehemu laweza kufunguliwa tena iwapo yule aliyeijaza fomu atajitokeza kwa kiapo, pamoja na ushahidi kwamba marehemu alikuwa kwenye doria. Kisha akaniambia, akinitazama usoni, kwamba rafiki yangu huyo ataulizwa kwa nini alirekebisha faili lake akanyamaza juu ya la mwenzake. Huenda wakataka kuichunguza pensheni yake. Huenda wasifanye lolote. Hakujua. Nikamlipa, nikaandika kiapo kwa mkono wangu, na tangu wakati huo kimekaa ndani ya bahasha chini ya nguo zangu za kanisani, bila sahihi.

Naogopa kukitia sahihi. Naogopa kwa ajili ya mama yako, ambaye hajui kwamba nyumba hii imesimama juu ya neno moja. Naogopa kwamba ukisoma barua hii hutapiga simu. Lakini kuliko hayo yote ninauogopa uso wa Mama Ndinda. Si hasira yake, hasira nitaivumilia. Ninaogopa wakati ule mfupi kabla ya hasira, atakapoanza kuelewa kwamba miaka yote hii amemlaumu mtu aliyesema waziwazi, andika askari. Nitamrudishia mume wake, na sijui mtu hupokeaje kitu kama hicho.

Nilikusudia barua hii uisome ukiwa umeshafika, na mimi niende ofisini Jumatano, au juma lijalo, mambo yakitulia. Nimeisoma tena sentensi hiyo, na nimeitambua. Ndiyo sentensi niliyojiambia kuhusu Mutua. Nitamwambia jioni. Nitamwambia kesho. Ukiondoka, nyumba hii itakuwa na utulivu mwingi, na mimi najijua ninavyokuwa mahali penye utulivu.

Kuna mtu amebisha mlango wa nyuma. Mama yako anamkaribisha kwa furaha. Ni Mama Ndinda, amekuja kukuaga, na ninamsikia akisema, "Yuko wapi askari wetu?" Nawe umejibu kwa kelele, "Niko hapa, auntie!" Wote mnacheka. Sasa amepunguza sauti, lakini mlango huu ni mwembamba. Anasema, "Ukifika huko, mwanangu, uwe kama baba yako. Yeye alikuwa na akili, alijua kujiandika. Usiwe kama wangu."

Utaona herufi zilivyoharibika, sitaziandika upya.

Nimeingia chumbani nikaitoa bahasha chini ya nguo. Nimetia sahihi. Nimeandika pia, mahali palipotaka cheo cha marehemu, neno alilolitaka mwenyewe.

Ninakwenda jikoni. Nitamwambia mbele yako na mbele ya mama yako, kwa sababu nikimwambia peke yake nitapata njia ya kusema nusu. Baada ya hapo huenda usitake nikusindikize kesho, nami sitakulaumu. Begi lako nitaliweka mlangoni. Ukiiona barua hii haina mwisho wa heshima kama nilivyokufundisha kuandika, ujue kwamba niliiacha mezani nikafungua mlango.

Baba yako